Kicheko cha Mfalme Tumbo

Jumanne, 7 Oktoba

Imefika! Picha ya yule jabari wa Kigiriki imefika leo, ndani ya flashi, imefungwa kwa kipande cha gazeti kama kashata. Mwezi mzima nawatangazia watu. Kutoka hapa Timbwani, Likoni, hadi Magongo hakuna kibanda cha video ambacho sijabandika karatasi: DJ MANSUR ANAKULETEA JABARI WA WAYUNANI — KAZI KUMI NA MBILI — USINGOJE KUHADITHIWA! Na namba yangu ya simu chini yake, kubwa.

Lewa, mwenye kibanda cha Magongo, amenipigia mara tatu kutwa ya leo. Ati watu wanauliza. Nikamwambia awatulize, chungu kiko motoni.

Zuleikha asema laiti ningeipenda nyumba hii kama ninavyoipenda maiki, paa lisingekuwa linavuja. Mke wangu ana ulimi. Na vuli yaja, ni kweli. Lakini paa litangoja.

Kesho naitazama. Saa mbili na dakika ishirini. Simba, nyoka wa vichwa tisa, mapanga. Wallahi hii ndiyo ya kuniinua.


Jumatano, 8 Oktoba

Upuuzi! Upuuzi mtupu!

Saa mbili na dakika ishirini za kumtazama mwanamume mwenye misuli akilia. Alia ufukweni. Alia juu ya farasi. Kisha azungumza na babake — mungu wao mkubwa, astaghfirullah — dakika kumi na nane, nimezihesabu, wawili wamesimama mawinguni na hakuna hata kofi moja. Simba katokea dakika mbili. Nimeona mbuzi wa Idi wa kutisha kuliko yule! Manyoya ya kompyuta, na mguu mmoja wapita ndani ya jiwe. Nyoka wa vichwa tisa wamempiga picha gizani, huoni kitu, wasikia majimaji tu. Na zile kazi kumi na mbili? Tatu! Tisa zilobaki mzee mmoja azisoma kwenye ngozi, basi, zimekwisha.

Walotengeneza picha hii wanirudishie saa zangu.

Zuleikha alichungulia na mwiko mkononi. Mbona huyu bwana havai shati na analia hivyo, hana dada wa kumsemesha? Nikacheka kwa hasira.

Sasa nifanye nini? Nimeshatangaza. Nikiwapa kama ilivyo, Lewa atavunjiwa viti. Lakini kwani kazi yangu ni nini? Miaka kumi na mmoja naingia kabatini, baina ya kanzu na magodoro, natia Kiswahili midomoni mwa watu wasiokijua. Picha nzuri hainihitaji. Hizi mbovu ndizo zinazonihitaji. Basi nitaijaza mwenyewe. Mungu wao nitamfanya sultani, sitii shirki mdomoni mwangu kwa ajili ya picha. Jabari atakuwa Bwana Misuli. Na yule mfalme mbaya, anayekaa kitini akila zabibu picha nzima, ndiye Mfalme Tumbo.

Mfalme Tumbo sharti acheke. Na kicheko ni kazi ya Justus.


Jumapili, 12 Oktoba

Justus amekuja alipotoka kanisani, kavuka feri na suti yake ya Jumapili.

Huyu ni rafiki yangu, mtu wa bara, dereva wa lori huko Changamwe. Ana kifua kama pipa, na ndani ya kifua hicho mna kicheko ambacho Mungu hakumpa mtu mwingine. Kwanza avuta pumzi kwa pua, ndefu, kama mtu aliyenusa pilau ya jirani. Kisha kimya. Kisha chaja, chatoka chini, chapanda ngazi tatu, na kile cha mwisho chatikisa kabati. Miaka minne sasa wabaya wote wa picha zangu wacheka kwa kifua cha Justus. Watu wadhani ni mimi. Sijawasahihisha. Mwaka jana aliniomba nitaje jina lake mwishoni, mara moja tu, watoto wake wasikie. Nikasema tutaona. Hatujaona.

Amecheka mara sita, nimerekodi zote. Tukakaa kula samaki wa kupaka. Hakula. Justus, na samaki wa Zuleikha! Nikamwuliza, kulikoni? Akaangalia mlangoni kwanza. Zuleikha alikuwa nje anaanika nguo.

Akanieleza. Kila Ijumaa, saa saba za mchana, yadi yao yamtuma na mapipa kumi na mawili hadi kwenye kidimbwi kilicho nyuma ya Magongo. Ni saa saba ya Ijumaa makusudi — wanaume wote wako msikitini. Kwenye ua pana bawabu, mguu mmoja kavaa gamboti, mguu wa pili ndara. Bawabu agonga ubavu wa lori mara mbili, ndiyo ruhusa. Mapipa yafunguliwa, yamwagwa, maji yageuka rangi ya chai ya rangi. Na chini ya kidimbwi kina mama wanyweshea mchicha maji hayo hayo. Justus ameambiwa asishuke kwenye lori, na hashuki.

Utingo wake alishuka. Kai, mtu mzima, ana wajukuu. Ngozi ya mikono ikaanza kumbambuka. Akauliza mle ndani mna nini. Akauliza tena, mbele ya watu. Leo ni wiki ya tatu haonekani. Yadini wasema kaenda kwao Kinango. Simu imezimwa. Ndara zake bado ziko chini ya kiti cha lori, za buluu, ukanda mmoja umeshonwa kwa waya.

"Mtu hawezi enda kwao miguu tupu, Mansur," akasema.

Nikamwambia aache kazi. Akatikisa kichwa. Watoto ni wanne, na tena kuacha sasa ni kama kusema najua. Wakijua ameongea hata na mtu mmoja, yeye ndiye atakayefuata. Akanishika mkono. Hii ibaki hapa. Hata Zuleikha usimwambie.

Nikasema wallahi, sisemi.


Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeingia kabatini saa mbili asubuhi, nimetoka alasiri, fulana yakamuka. Lo! Leo nimefanya kazi!

Pale pa kulia nimepafanyia mzaha: Bwana Misuli analilia foleni ya feri. Simba nimemwita mbuzi kabla watu hawajamwita wao. Baba wa mawinguni nimemfanya sultani anayemsomea mwanawe orodha ya vitu vya dukani. Imekwenda.

Shida ilikuwa katikati. Dakika ya hamsini na tano, Mfalme Tumbo amekaa na zabibu zake anaangalia bwawa. Haongei! Dakika sita nzima anatazama maji! Maneno yaliniishia. Nilishawatania mashemeji, nilishawatania wauza viazi karai. Nikafumba macho nikauacha mdomo uende.

Ukaenda. Mfalme Tumbo akasema: "Watu wakiingia kuswali Ijumaa, nileteeni mapipa yangu kumi na mawili, mmwage bwawani, wakitoka wanyweshee mchicha." Kwani kumi na mbili si ndiyo hesabu ya picha hii? Bawabu akatokea, nikamvika gamboti mguu huu, ndara mguu huu. Akagonga mara mbili. Halafu kamera, sijui walifikiria nini, ikaenda kukaa juu ya viatu vya mtumwa vilivyobaki ufukweni. Viatu tu, kitambo kirefu. Nikasema, polepole: "Huyu aliuliza mle ndani mna nini. Wasema kaenda kwao. Kaenda kwao miguu mitupu?"

Na hapo nikaweka kicheko cha Justus.

Nilipoisikiliza, nywele zilinisimama. Ndiyo mara ya kwanza picha hii kuwa na kitu ndani yake.

Nilifikiria kufuta. Wallahi nilifikiria, kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikajiambia, picha ya Wagiriki hii! Jina sijataja. Mahali sijataja. Nani atajua?

Nikaituma kwa vibanda vyote.


Alhamisi, 16 Oktoba

Timbwani nzima yasema "Mfalme Tumbo"! Nimesikia watu wakiiga kicheko pale kwa muuza mahamri. Mmoja kanishika bega, ati DJ, hiki kifua umekitoa wapi? Nikasema ni kipaji.

Zuleikha kaninunia, asema kipaji ni cha Justus.


Jumamosi, 18 Oktoba

Lewa amepiga. Nilidhani anataka kunisifu.

Akaniambia kule Magongo watu wanacheka vizuri mpaka dakika ya hamsini na tano. Hapo wananyamaza. Kibanda kizima. Jana mwanamke mmoja alisimama mbele ya skrini akaomba irudishwe pale pa viatu. Akairudisha. Akaomba tena. Mara tatu. Halafu akakaa chini, sakafuni, leso kichwani.

Nikamwuliza ni nani. Lewa akasema ni Kahaso, mke wa Kai, yule utingo aliyepotea. Akauliza: Mansur, haya maneno umeyatoa wapi?

Nikasema kichwani mwangu. "Basi kichwa chako kinakaa Magongo," akasema, akakata.

Mvua imeanza. Paa lavuja juu ya kabati. Nimehamisha maiki.


Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Vibanda vyote vimeonyesha picha ya shujaa, si ndiyo niliyoitaka? Jabari wangu, toka asubuhi hadi magharibi.

Lewa kaja mwenyewe, kavuka maji kuja kuniambia kwa mdomo. Alikuja mtu leo kibandani kwake. Si wa pale. Shati jeupe la mikono mirefu, limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Kakaa mbele kabisa. Kaitazama picha yote, ikaisha, kaitazama tena. Hakucheka hata mara moja. Alipotoka akauliza kwa adabu kama aweza kujaziwa kwenye flashi yake.

"Ukamjazia?"

Ningemkataliaje, akasema Lewa. Na akaniangalia kama anayemwangalia mgonjwa. Akaniuliza kama namba yangu imo ndani ya picha.

Imo. Mwanzo, katikati na mwisho. Nimeisoma mwenyewe kwa sauti ya redio.


Jumanne, 21 Oktoba

Namba ngeni. Nikadhani ni yule wa kalamu mbili, nikaiacha ikalia. Ikalia tena. Sauti ya mwanamke, nzito, ya mtu aliyelia mpaka akachoka.

Akanisalimia vizuri kwanza. Akajitaja, Kahaso. Akauliza, bwana, vile viatu ulovisema ni vya rangi gani?

Nikasema mama, ile ni picha, ni hadithi ya Wagiriki wa kale.

Akasema anajua ni picha. Yeye anauliza tu rangi. Kwa sababu mumewe alitoka na ndara za buluu, na ukanda yeye mwenyewe ndiye aliyemshonea kwa waya, na kama zimeonekana mahali angependa kujua.

Nilikuwa na jibu mdomoni. Buluu. Waya. Chini ya kiti cha lori. Nikisema, atauliza nani kaniambia. Nikasema sijui, mama. Akasema haya, ahsante, Mungu akuweke. Akaniombea dua, mimi!

Sijala. Zuleikha akaniuliza ni nani alopiga, nikasema shabiki. Akasema shabiki gani wa kumtoa mtu jasho hivi na mvua yanyesha.


Jumatano, 22 Oktoba

Amekuja.

Saa nne asubuhi, nimekaa barazani nasuka nyaya. Gari dogo la kijivu likasimama. Shati jeupe, kalamu mbili. Akapiga hodi, akavua viatu mlangoni, akamwamkia Zuleikha kama shemeji wa siku nyingi. Zuleikha akamletea chai na mahamri. Akala! Akasifu iliki.

Akasema amependa kazi yangu. Picha yenyewe ni mbovu, akasema, kule kulia kumezidi, lakini mimi nimeiokoa. Mahali palipomgusa zaidi ni pale bwawani. Ule uhodari wa kubuni! Nabuniaje vitu kama vile?

Nikasema vyaja tu.

"Na sauti ni zako zote?"

Zangu zote.

"Hata kicheko?"

Nikasema hata kicheko. Akatabasamu. Akakiweka kikombe chini, polepole, kikombe kisilie.

"Hebu cheka."

Zuleikha alikuwa amesimama mlangoni. Mimi kicheko changu, mke wangu hukiita kicheko cha kuku anayetaga. Nilivuta pumzi kwa pua kama yeye. Nikakaa kimya kama yeye. Kikatoka cha kuku.

Alinitazama kwa huruma, wallahi huruma. Akajifuta vidole kwa leso yake, akaniambia sawa. Akamshukuru Zuleikha. Akavaa viatu, akafunga kamba zote mbili, akaenda zake.

Zuleikha akaja akakaa mbele yangu. Huyu ni nani, Mansur? Nikamwambia yote. Kiapo kilikwisha vunjika zamani, nilikuwa nakilinda nini? Hakupiga kelele, bora angepiga. Akasema: umemtia mwenzio kinywani mwa yule mfalme, maneno yake na kicheko chake, mahali pamoja. Mpigie. Sasa hivi.

Sikujua mpaka aliposema. Nilifikiri nimemficha Justus. Sikulitaja jina, ni kweli. Nimekitia kifua chake!


Alhamisi, 23 Oktoba

Jana sikumpigia. Naandika hapa kwa kuwa hapa hapana wa kumdanganya. Nilimwambia Zuleikha simu yake haipatikani. Ilikuwa yapatikana.

Nilitaka kwanza kuirudisha picha. Nimevipigia vibanda vyote, nikawaambia waifute, ina kasoro ya sauti. Wamecheka. Mmoja wa Kisauni akasema ameshaijaza kwenye simu za watu zaidi ya mia. Wa Likoni akasema watu wameikata ile sehemu ya bwawa peke yake, yazunguka WhatsApp. Lewa tu ndiye aliyefuta. Akasema lakini Mansur, ni kama kuzoa maji yaliyokwisha ingia mchangani.

Polisi? Nikaseme nini? Kuna mfalme wa Kigiriki amwaga mapipa?

Alasiri nikampigia. Akapokea kwa furaha. Injini yanguruma nyuma. Niaje Mansur! Nikasema Justus, wewe umeiona ile picha? Akasema ataionea wapi, kutwa barabarani, yeye hucheka tu kisha hajui alimcheka nani. Halafu akasema kitu kingine. Leo kuna mkubwa mmoja pale yadini, mtu mstaarabu, amewauliza madereva wote nani anapenda movie.

"Ukasemaje?"

"Nikasema mimi sina hiyo time, buda."

Hapo ndipo. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Niseme: Justus, nimeisema siri yako, imo ndani ya picha, toroka usiku huu na watoto. Badala yake nikasema kesho usiende kazini, jifanye mgonjwa.

Akauliza kwa nini.

Nikasema nimeota vibaya.

Akacheka, si kile kikubwa, kile kidogo cha simuni. Wewe na ndoto zako. Kesho ni Ijumaa, akikosa Ijumaa hii watamwuliza maswali. Akasema nimsalimie Zuleikha, na samaki wa juzi anamdai.

Na nikasema haya. Haya! Mwoga mimi. Miaka kumi na mmoja naongea kwa midomo ya watu, na wangu mwenyewe umenishinda.


Ijumaa, 24 Oktoba

Saa nne. Nimemtumia ujumbe wa sauti. Nimesema yote, dakika nne, nimelia kama yule mpumbavu asiye na shati. Tiki moja. Bado tiki moja. Bando lake huisha kila mara, najua.

Nampigia — iko bize.

Zuleikha kanipa kofia na kitabu hiki mkononi. Ukikaa hapa kuandika nitakichoma, kasema, ondoka ukamtafute. Nimevuka.

*

Saa sita na nusu, Changamwe. Nimefika kwao. Milcah, mkewe, anafua. Amefurahi kuniona. Justus hakuenda na lori leo! Ni bahati gani hii, akasema. Mkubwa mpya amekuja kumchukua mwenyewe hapa mlangoni, kwa gari dogo. Mtu mpole ajabu, alivua viatu kabla ya kuingia. Kamwambia Justus atampandisha cheo. Watoto walimpigia makofi baba yao.

Nikamwuliza rangi ya gari.

Kijivu.

Ukweli sikumwambia. Nimemwambia awachukue watoto awapeleke Likoni kwa Zuleikha, kuna pilau. Akanitazama. Akaacha nguo ndani ya beseni, akaanza kuwaita mmoja mmoja.

*

Magongo, kibandani kwa Lewa. Saa saba na dakika tano. Watu wameingia msikitini, barabara nyeupe. Khutba yasikika mpaka hapa. Kidimbwi kiko nyuma, mwendo wa dakika kumi, Lewa asema. Nimemwambia kila kitu. Hakunitukana. Amevaa viatu akakimbia msikitini kwenda kuwaambia watu, akatishe khutba ikibidi. Atampitia Kahaso njiani. Mimi kaniambia nibaki, niendelee kupiga simu.

Simu yalia. Justus!

Nimeiweka mezani, spika wazi. Nayaandika yote, maneno na saa, maana atatakiwa mtu wa kusema ilikuwa hivi.

Saa saba na dakika tisa. Justus ana furaha. Sauti juu. Mansur! Ati huyu bosi ni shabiki yako! Tumekaa hapa kwa gari tunaangalia movie yetu kwa simu yake. Amejua ni mimi, Mansur. Amesema hiyo cheko inafaa kuandikwa jina langu. Anataka nicheke live, wewe usikie!

Nikasema Justus, shuka kwenye gari. Hakunisikia. Nimepiga kelele, shuka! Akasema ati? Network ni mbaya, ongea pole pole.

Nyuma yake nasikia khutba. Khutba hii hii, imam huyu huyu. Wako kidimbwini.

Na nyuma ya khutba nasikia sauti yangu. Ni dakika ya hamsini na tano. Nileteeni mapipa yangu kumi na mawili. Watu wakiingia kuswali Ijumaa.

Justus amenyamaza.

Sauti yangu yaendelea. Bawabu. Gamboti. Ndara. Agonga mara mbili. Siwezi kuizima, iko kwao.

Kaenda kwao miguu mitupu?

Saa saba na dakika kumi na moja. Imesimamishwa. Kimya. Nje hapa sioni mtu bado, wala Lewa. Khutba yaendelea. Mbona yaendelea?

"Mansur," Justus amesema. Hilo tu. Hakusema kwa hasira.

Yule mwingine sasa. Kwa adabu, kama jana barazani kwangu, kama juzi, sijui siku ngapi. Asema hebu cheka, Bwana Justus.

Khutba imekatika katikati ya neno, Lewa kafika.

Simuni namsikia avuta pumzi kwa pua. Ndefu.